Nilivyompeleka Rispa Nairobi Kutafuta Karatasi

Kabla ya safari hii nilikuwa nikiwaambia watu pale Khayega kwamba hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza mimi. Hayakuwa majivuno, ilikuwa kweli. Nimebeba magunia ya mahindi ya watu tangu kidevu changu hakina unywele. Nimekamua ng'ombe wa mzungu kule Lugari kwa malipo ya posho na chumvi, na nimemwona mzungu huyo huyo akilia kama mtoto siku aliyouza shamba. Shule niliacha darasa la pili, lakini mashine ya kwanza ya kusaga posho upande wetu ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, na siku ilipowashwa mara ya kwanza wazee wa ng'ambo ya mto walitoka nje kutazama kama ni ndege imeanguka. Tangu hapo jina langu la ubatizo limesahaulika. Mimi ni Bwana Mashine.

Niliondoka nyumbani kwa sababu mbili, nami nitazitaja zote, ingawa ya pili hainiletei sifa.

Sababu ya kwanza ni binti yangu Rispa, aliyekuwa na miaka saba. Alipoanza kutembea alitembea vibaya, tukasema atazoea. Hakuzoea. Kila mwaka miguu ilizidi kutangatanga, mikono ikawa haifiki pale anapoipeleka, maneno yakawa yanatoka polepole kama uji mzito. Kisha weupe wa macho yake ukaingia nyuzi nyekundu, nyembamba, kama macho ya mtu aliyekesha kilabuni. Na kifua! Mvua ikinyesha tu, kifua kimekamatwa. Homa, makohozi ya kijani, sindano, apone wiki mbili, kianze tena. Watoto njiani walimwimbia "mlevi, mlevi wa busaa." Mwalimu alimrudisha nyumbani na barua kwamba tuache kumpa mtoto pombe. Mimi, mwanamume ambaye sijaonja hata busaa ya matangani!

Kabla yake tulikuwa na Jeremia. Jeremia alianza hivyo hivyo, akatembea hivyo hivyo, na kifua kikamchukua akiwa na miaka minane. Watoto wetu wengine wawili ni wazima kama mawe.

Sababu ya pili ni karatasi. Rispa alipoanza kuyumba kama Jeremia, dada yangu Beritia alinikalisha jikoni kwake akaniambia, "Ndugu yangu, wawili kutoka tumbo moja? Kwetu sisi nani amewahi kutembea hivyo? Huo ni ugonjwa wa Kabras. Walikupa ng'ombe mgonjwa, wewe ukatoa wazima." Mke wangu Selina ni wa Kabras. Maneno yale yaliniingia kama maji kwenye gunia la unga. Kwa nje huoni kitu, ndani kunaoza. Mwishowe nilimrudisha Selina kwao, na wiki iliyofuata nikaenda na wazee watatu kudai ng'ombe wangu kumi na mmoja wa mahari.

Baba mkwe, Mzee Nathani, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe ni mtu wa mashine, na serikali ya siku hizi ni ya karatasi. Hata shamba la babu yako, bila karatasi si lako. Basi lete karatasi ya daktari mkubwa, iandikwe kwamba ugonjwa huu umetoka kwetu. Siku hiyo utaswaga ng'ombe wako wote. Bila karatasi, usikanyage hapa."

"Nitaileta," nikamwambia.

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wangu."

Hivyo ndivyo Rispa alivyokaa miezi mitano bila mama.

Jumatatu, Khayega. Tuliondoka jua likitoka. Beritia alitaka kuja nasi. "Mtoto wa kike utamwogesha vipi, wewe?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba mtu anayefungua injini na kuifunga tena usiku bila taa hawezi kushindwa na beseni. Nilivaa koti langu jeusi la kanisani na kofia. Rispa alivaa gauni la maua ambalo mama yake alilishona, limeshakuwa fupi.

"Baba, tunaenda kwa mama?"

"Tunaenda Nairobi."

"Mama yuko Nairobi?"

"Hapana."

Akatembea hatua kadhaa, akaanguka, nikamwinua. "Sasa Nairobi kuna nini?"

Nilimpandisha mgongoni.

Saa tatu, Kakamega mjini. Hospitalini nilichukua barua ambayo daktari wa pale aliniandikia. Alikuwa kijana mpole, Mwafrika mwenzetu, ametoka masomoni si siku nyingi. Mara tatu alikuwa amemtibu Rispa kifua, na mara ya tatu alikaa akamtazama macho kwa muda mrefu, akaniambia, "Mzee, hii si trakoma, na hii si pombe. Kuna kitu kimoja kinachounganisha macho, miguu na kifua, lakini mimi nimekisoma kitabuni tu. Mpeleke Nairobi." Nilipenda maneno yale. Kitu kimoja! Nikajua kitu kimoja kina mlango mmoja wa kuingilia, na mlango huo uko Kabras. Tukala ndizi sokoni, tukapanda basi la Kisumu.

Saa nane mchana, Kisumu. Stesheni ilikuwa na watu kama siku ya mnada. Nilimshusha Rispa ili nikate tiketi, na yeye kwa kupenda kuona treni akaanza kwenda peke yake, miguu mbali mbali, mikono imetanuliwa. Akamgonga mama mmoja, akagonga sanduku, akakaa chini. Askari wa stesheni akaja haraka.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Wangu."

Akachuchumaa akamtazama macho. Akasimama, akanitazama mimi kutoka kofia hadi viatu. "Mzee mzima na koti lako. Mtoto mdogo hivi umempa nini?"

"Sijampa kitu. Ni mgonjwa."

"Ugonjwa gani wa kuyumba na macho mekundu? Mimi nina miaka kumi na miwili kazini, walevi nawajua kwa kivuli." Watu wakaanza kusogea. Mwanamke mmoja akasema, "Masikini, mama yake yuko wapi?" Mwingine akasema, "Baba kama huyu apelekwe korokoroni."

Nimesema nimebeba magunia. Siku ile nilitamani gunia lolote kuliko macho ya watu wale. Nilitoa barua ya daktari, askari akaigeuza geuza, ilikuwa ya Kiingereza na nadhani alikuwa msomi kama mimi. Rispa ndiye aliyeniokoa. Alisema kutoka pale chini, polepole, neno moja moja, "Afande, mimi si mlevi. Nikiwa mlevi ningeimba."

Watu wakacheka. Askari naye akacheka bila kutaka, akamwinua, akatupeleka mwenyewe hadi kwenye behewa. Lakini aliponiaga alininong'oneza, "Mtafutie mama yake, mzee." Nikafunga dirisha.

Saa kumi na moja, ndani ya treni. Tulipopita Kibos treni ilishika mwendo, behewa likaanza kutupwa huku na huku. Watu waliokuwa wakienda chooni walishika ukuta. Bwana mmoja mwenye suti alimwagia jirani yake chai. Mama mnene muuza samaki alirudi kwenye kiti akipepesuka, akakosea, akamkalia karani mmoja. Rispa alitazama haya yote kinywa wazi. Kisha akashuka kwenye kiti, akaingia kwenye kijia cha katikati, akatembea hadi mwisho na kurudi, akiyumba, na kila aliyepishana naye alikuwa akiyumba vile vile. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Alirudi uso unang'aa. "Baba! Leo wote wako kama mimi."

Nilitazama nje. Nasema ukweli, sikuona hata mti mmoja kati ya miti iliyopita.

Yule mama muuza samaki ndiye aliyemwogesha Rispa uso na miguu jioni ile, maana mimi nilikuwa nimemwaga maji yote kwenye nguo. "Baba Rispa," akaniambia huku akimkausha, "mikono yako ni ya kushika spana. Mama yake amefariki?"

"Yuko kwao."

"Ah." Akamfunga Rispa leso yake begani. "Kwao ni karibu kuliko Nairobi?"

Nikajifanya nimelala.

Jumanne asubuhi, Nairobi. Tulipokelewa na Zakayo, mtoto wa shangazi yangu, mfanyakazi wa reli, anayekaa na mkewe Loise katika chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilimtolea kuku wawili niliowabeba kikapuni na unga wa mashine yangu mwenyewe. Loise akapika obusuma, ugali wa unga ule, na ingokho mmoja kati ya wale kuku, akaketi na Rispa, akampakulia, akamwacha ale mwenyewe. Tonge lilifika sikioni, likafika shavuni, mwishowe likafika kinywani. Loise alimpangusa tu, akampakulia tena.

Zakayo ni mtu wa mzaha. "Sasa, Bwana Mashine," akasema, "hapa Nairobi mashine ni nyingi kuliko watu. Hapa wewe utaitwa bwana nani?"

"Bwana pesa," nikajibu. "Kesho nitamwambia daktari ataje bei."

"Na karatasi yako?"

"Nayo."

Akaacha kucheka. Zakayo alikuwapo siku ya harusi yangu na Selina. "Ndugu," akasema, "karatasi ni mbwa. Hujui ataanza kumuuma nani."

Jumatano mpaka Jumatano, hospitali kuu. Wiki nzima tulikwenda na kurudi. Walimtoa Rispa damu mara mbili, wakampima kifua, wakampima makohozi. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, na kando yake alikuwa na sista wa kutafsiri, binti wa Maragoli, maana Kiswahili cha daktari kilitosha kuagiza mboga tu.

Daktari alimwambia Rispa aguse pua yake kwa kidole. Kidole kikatetemeka, kikaenda shavuni. Aguse tena. Kikaenda jichoni. Rispa akasema, "Pua inahamanga." Sista akatafsiri na daktari akatabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu, nami nikaliona hilo. Alimfungua kope, akanionyesha zile nyuzi nyekundu, akanionyesha nyingine kama hizo juu ya masikio, ambazo mimi baba yake sikuwa nimeziona.

Kisha akaanza maswali. Watoto wangapi? Wanne, mmoja marehemu. Marehemu alitembeaje? Nikamwambia. Kifua chake? Nikamwambia. Akaandika. Halafu akauliza swali, na sista akasita kidogo kabla ya kulileta.

"Baba, anauliza, wewe na mama wa mtoto ni ndugu? Mna damu moja?"

Nilisimama. Kofia ilianguka. Kwetu mtu huulizwa ukoo wa bibi zake wote kabla hajaruhusiwa hata kumsalimu msichana. "Mwambie mimi ni Mwisukha na mke wangu ni Mkabras! Mwambie wazee walikaa siku mbili wakihesabu koo! Mwambie sijatoka porini!"

"Kaa chini, baba," sista akasema kwa Kiluhya, taratibu, kama mtu anayemwongoza ng'ombe mkali. "Anamuulizanga kila mtu. Kaa."

Nikakaa.

Jumatano ya pili ndiyo siku ya majibu. Loise alibaki nje na Rispa. Daktari alisema jina la ugonjwa, refu kama treni ya mizigo, sikulishika hata behewa moja. Kisha akaeleza na sista akanipa kidogo kidogo.

"Baba, wewe una stoo ya mahindi?"

"Ninazo mbili."

"Stoo bila paka inakuwaje?"

"Panya wanaimaliza."

"Panya wa stoo ile ni wakali kuliko panya wa stoo nyingine?"

"Hapana. Ni wale wale. Tatizo ni paka hayuko."

"Mwili wa Rispa uko hivyo. Mtoto huzaliwa na walinzi ndani ya damu, wa kuua vijidudu. Wa Rispa ni wachache mno. Homa ambayo mwenzake anaitoa kwa siku tatu, kwake inakaa, inakula mapafu. Na ugonjwa huo huo una mkono wa pili. Huku nyuma ya kichwa," akagusa kisogo chake, "kuna sehemu ya ubongo inayomshikilia mtu asiyumbe. Hiyo inakwisha polepole. Ndiyo miguu, ndiyo mikono, ndiyo maneno. Akili yake haijaguswa. Anaelewa kila kitu."

Hilo la mwisho lilinichoma. Nikakumbuka mambo yote niliyosema mbele yake juu ya mama yake.

"Dawa yake," nikasema. "Mwambie ataje bei. Nina mashine, nina stoo mbili, nina shamba. Ataje tu."

Sista akamwambia. Daktari alivua miwani. Hakujibu kupitia kwa sista, alijibu mwenyewe kwa kile Kiswahili chake cha mboga. "Bei hapana, mzee. Dawa hapana. Kifua tu naweza saidia. Miguu, hapana."

Akaniagiza: Rispa akikohoa hata siku moja, nimpeleke hospitali siku hiyo hiyo, nisingoje. Asikae penye vumbi. Nami nilikuwa nikimkalisha Rispa juu ya magunia ndani ya chumba cha mashine kila siku, mchana kutwa, unga ukimfunika kama theluji ya mlimani, kwa sababu alipenda mlio wa mkanda, na kwa sababu mama yake hakuwapo. Akasema miguu itaacha kumbeba kabla hajawa msichana mkubwa. Nilipouliza baada ya hapo itakuwaje, daktari alitazama dirishani, na sista hakuwa na cha kutafsiri.

Kisha, msomaji, nitakuambia jambo ambalo sikutaka kuliandika. Nilikumbuka karatasi. Mtoto wangu amehukumiwa, na mimi nikakumbuka ng'ombe.

"Muulize," nikasema, "ugonjwa umetoka upande gani? Kwa mama, sivyo? Aandike."

Sista akanitazama. Akauliza. Wakazungumza kirefu. Kisha sista akavuta kiti chake karibu na changu.

"Baba, umefuga ng'ombe?"

"Tangu utoto."

"Umewahi kuona ng'ombe mweusi na fahali mweusi wakizaa ndama mwekundu?"

Nilimwona. Lugari, mwaka niliopata ng'ombe wangu wa kwanza. Mweusi tititi, fahali mweusi tititi, na ndama akatoka mwekundu kama udongo wa kichuguu. Nilimshtaki jirani kwamba ameingiza fahali wake usiku. Tulifikishana kwa chifu.

"Wekundu ule ulitoka kwa nani?" sista akauliza.

Nilianza kumtaja fahali wa jirani, nikaacha.

"Ulitoka kwa wote wawili," akasema. "Kila mmoja alikuwa nao nusu, umejificha chini ya weusi. Mmoja peke yake asingeweza kuuzaa. Ugonjwa wa Rispa ni hivyo. Nusu imetoka kwa mama Rispa. Nusu imetoka kwako."

"Mimi? Mimi sijaugua tangu nizaliwe!"

"Hata fahali alikuwa mweusi, baba."

Nimeona mzungu akilia. Nimeona nzige wakifunika jua. Pale kwenye kile kiti cha mbao nilishangaa kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, na mshangao ule ulikuwa na ladha ya chuma mdomoni. Daktari aliandika karatasi, akaipiga muhuri. Niliomba sista anisomee mara mbili. Ilisema kwa Kiingereza: umetoka kwa baba na kwa mama, sawa kwa sawa, wala hakuna aliyekosea.

Ijumaa, stesheni ya Nairobi. Zakayo alitusindikiza. Hakuuliza karatasi inasemaje. Aliniuliza tu, "Mnashukia wapi?" Nikamwambia, "Kisumu, halafu nitajua." Loise alimpa Rispa kibahasha cha karanga. Walilia wote wawili, Rispa na Loise. Mimi nilikuwa nikihesabu mizigo.

Jumamosi alfajiri, Muhoroni. Rispa alikuwa amelala, kichwa pajani pangu, na kifua chake kilikuwa kikitoa sauti ya nyasi kavu. Dirisha lilikuwa wazi, hewa ya mashamba ya miwa inaingia. Nilitoa karatasi mfukoni. Nilifikiri hivi: hakuna Khayega wala Kabras anayejua niliandikiwa nini. Nikiiachia hapa, upepo utaichukua. Nitasema daktari hakujua. Ng'ombe sitawapata, sawa, lakini jina langu litabaki. Bwana Mashine atabaki fahali mweusi. Niliunyosha mkono nje ya dirisha. Karatasi ilipigapiga kwenye upepo kama kuku aliyeshikwa mguu.

Rispa alikuwa ameamka. "Hiyo ni ile ya daktari?"

"Ndiyo."

"Ya ugonjwa wangu?"

"Ndiyo."

"Basi ni yangu," akasema. "Nipe."

Aliishika kwa mikono miwili inayotetemeka, akaikunja vibaya, akaiweka ndani ya gauni lile fupi, akalala tena juu yake. Msichana wa miaka saba. Ningeweza kuichukua wakati wowote. Sikuichukua.

Saa saba mchana, Kabras. Basi lilitushusha Malava, na kutoka pale tulikwenda kwa miguu, yeye mgongoni kwangu, katikati ya miwa, moshi wa watu wanaochemsha sukari guru ukitufuata njia nzima. Sikuwa na wazee. Sikuwa nimetuma neno. Mkwe haingii hivyo, kila mtu wa kwetu anajua. Hutuma ujumbe, huja na watu, na mama mkwe hujificha ndani, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kugusana. Lakini nilijua nikianza kutafuta wazee nitapata na ushauri, na nikipata ushauri sitafika.

Mama mkwe alikuwa uani, ameinama, anaanika wimbi. Rispa alimwona bibi yake kabla yangu.

"Kukhu! Kukhu!"

Akajitupa kutoka mgongoni, sikuweza kumshika. Akakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akijaribu kukimbia. Ulikuwa mwendo wa kifaranga aliyekatwa kichwa. Mbele yake kulikuwa na mafiga matatu na chungu kinachemka. Nilipiga kelele, nikaruka, na mama mkwe akaruka kutoka upande wake, na tukamdaka mtoto pamoja hatua moja kutoka motoni, mikono yangu juu ya mikono ya mama mkwe, uso wangu na uso wake kama mtu na kioo. Hakuna aliyethubutu kuachia kwanza.

Selina alitoka nyuma ya nyumba na debe la maji kichwani. Alilitua polepole. Alikuwa amekonda. Rispa alipomwona hakupiga kelele tena, aliinyosha tu mikono, na mama yake akaja akamtoa katikati yetu.

Kisha akanitazama mimi. "Umepata karatasi?"

"Anayo yeye."

Mzee Nathani alitoka na kiti chake. Alimwita shemeji yangu Eliakimu, mwalimu. Rispa alitoa karatasi kifuani, imekunjamana, ina jasho. Eliakimu akasoma kwa Kiingereza kimya kimya, midomo ikichezacheza, kisha akasoma kwa sauti kwa lugha ya kwao, pale uani, mbele ya kila mtu. Alipofika mahali pa "sawa kwa sawa" alinitazama, akapasoma tena.

Nikawaeleza yote. Paka wa stoo. Ndama mwekundu. Nikawaeleza na lile la miguu, na lile ambalo daktari aliliambia dirisha. Selina hakulia. Alikuwa akimkuna Rispa kichwa, kidole kinazunguka mahali pamoja, huko huko nyuma, kwenye kisogo.

"Kwa hiyo Jeremia," akasema.

"Jeremia pia."

"Miezi mitano nimelala hapa nikijiuliza nilikula nini, nilikanyaga nini, nilimkosea nani. Wewe ulikuwa ukilala?"

"Nilikuwa nikilala," nikasema. Sikuwa na uongo wowote uliobaki.

Nilimgeukia Mzee Nathani. Nilisema niko tayari kwa faini yoyote. Nikataja fahali wangu mkubwa, nikataja mtamba, nikataja shilingi elfu moja. Nilikuwa nikiongeza kama dalali. Mzee aliniinulia mkono.

"Ng'ombe wako kumi na mmoja wako pale," akasema, "na wananisumbua kwa malisho. Sitaki wa kumi na mbili. Mtoto anataka mama yake, na mama yake atasema mwenyewe." Akamtazama Selina. Selina aliinama, akaanza kumfunga Rispa mgongoni kwa kanga, akiifunga mara mbili, kama mtu anayejiandaa kwa njia ndefu. Mzee akaendelea, "Lakini kuna jambo moja siwezi kuliacha. Umemshika mama mkwe wako mikono mchana kweupe, mkatazamana. Ni kwa ajili ya mtoto, nimeona. Hata hivyo ni mwiko, na una faini yake tangu mababu. Blanketi moja. Jipya."

Kutoka ndani ya nyumba, alikokwisha kujificha, mama mkwe akasema kwa sauti, "La rangi nyekundu!" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matangani.

Nikarudi Malava kwa miguu peke yangu kulinunua, Selina na Rispa wakiningoja pale uani twende nyumbani.

Siku hizi Rispa hatembei tena. Fundi alimtengenezea kiti chenye magurudumu ya baiskeli, na kinakaa chini ya mwembe wa jirani, mbali na unga. Kifua kimekuja mara nne tangu safari ile, na mara nne tumemkimbiza hospitali. Ya tano sijui. Selina hajanisamehe yote, hupika na kunyamaza, nami nimejifunza kuosha mtoto bila kumwaga maji. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kubeba kitu maisha yake yote, akakipitisha kwa watoto, na asisikie uzito wake hata siku moja. Watu wa mashineni wanaposema ugonjwa fulani ni wa kwa mama, huwa nazima injini ili wanisikie vizuri.

Na wanaponiuliza safari ile ilinigharimu kiasi gani, wanatarajia nitaje nauli, hospitali, majuma niliyofunga mashine. Hayo sikuyahesabu. Walichonitoza Kabras, kwa mke wangu, kwa miezi mitano ya aibu na kwa mikono ya mama yake, ni blanketi jekundu la dukani Malava: shilingi thelathini na nne na senti hamsini.